Sanda kabla ya madeni: kisa cha Redwater na visima yatima vya Alberta

Tarehe 3 Julai 2015 wahasibu wa Grant Thornton walimwandikia mdhibiti wa nishati wa jimbo la Alberta, Kanada, barua ambayo ukiivua joho lake la kisheria inabaki na maneno machache: vinavyolipa tunavichukua, vingine shauri yenu.

Mahakama ilikuwa imewakabidhi mali za Redwater Energy, kampuni ndogo ya mafuta na gesi iliyoshindwa kulipa mkopo wa benki. Mali hizo zilikuwa na leseni 127: visima 84, mitambo 7 na njia za mabomba 36, zote katikati ya jimbo. Ukijumlisha visima na mitambo unapata 91, na kati ya hivyo ni 19 tu vilivyokuwa vikizalisha; 72 vilikuwa vimelala au vimekauka. Wahasibu wakashika visima 17 vyenye tija zaidi, mitambo 3 inayovihudumia na mabomba 12. Vilivyosalia wakavinawia mikono.

Nani basi abaki navyo? Swali hilo lilipanda ngazi za mahakama kwa miaka mitatu na nusu, likajibiwa na Mahakama ya Juu ya Kanada tarehe 31 Januari 2019. Leo mwanasheria yeyote wa nishati nchini humo ukimtajia Redwater anajua unazungumzia nini, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba, bila kufa kwake, hakuna ambaye angeikumbuka.

Kabla ya kuingia mahakamani, maneno mawili. Alberta wana istilahi rasmi, kisima yatima: kisima ambacho hakina tena mwenye wajibu wa kisheria anayepatikana na mwenye uwezo wa kukifunga. Sisi tuliolelewa na neno yatima tunajua uzito wake, na tunajua ubaya wa mtu anayekula mali ya yatima. Hapa mambo yamegeuzwa: mali inaliwa kwanza, halafu yatima ndiyo anazaliwa.

Neno la pili ni la kuchekesha kidogo. Katika Kiingereza cha watu wa mafuta, kitenzi kinachotumika kwa mzazi aliyemtelekeza mtoto ndicho hicho hicho kinachotumika kwa fundi aliyekifunga kisima kwa saruji, akakipima, akakikatia bomba chini ya ardhi. Kwa hiyo kwenye nyaraka za Alberta kisima “kilichotelekezwa” ndicho kilicho salama, na kile kilichotelekezwa kweli kinaitwa jina jingine. Mimi nitasema kufunga, ili tusipotezane.

Kisima hakifi kwa kuzimwa

Anayetazama kisima cha mafuta kilichosimama huona bomba la chuma limechomoza shambani, vali mbili tatu, labda na pampu iliyoinamisha kichwa. Hakuna moshi wala kelele, na ni rahisi kudhani shughuli imekwisha.

Chini ya ardhi haijaisha. Kisima kimetoboa tabaka moja baada ya jingine: udongo wa shamba, mchanga wenye maji matamu ambayo watu wanayachota, kisha miamba yenye maji ya chumvi kali, kisha gesi, kisha mafuta. Kabla ya kutobolewa, tabaka hizo zilikuwa zimetengana kwa mamilioni ya miaka. Kinachozitenganisha sasa ni bomba la chuma na ukuta mwembamba wa saruji uliomiminwa kati ya bomba na mwamba. Chuma huliwa na kutu. Saruji husinyaa, hupasuka, na pengine tangu siku ya kwanza haikushika vizuri. Gesi haihitaji zaidi ya ufa, nayo hupanda tu. Ikiwa ni methani, ndani ya miaka 20 ya kwanza tani yake moja hupasha joto hewa zaidi ya mara 80 ya tani moja ya kaboni dayoksaidi. Ikiwa ni gesi chachu, ile yenye haidrojeni salfaidi ambayo Alberta inayo kwa wingi, jirani ana sababu ya kuogopa leo, bila kusubiri mabadiliko ya tabianchi. Na maji ya chumvi yakipata njia ya kufika juu, udongo unakufa. Ngano haioti tena, na chumvi ya namna hiyo haiondoki kwa mvua za msimu mmoja.

Kufunga kisima vizuri ni kazi ya mtambo, wafanyakazi na siku kadhaa. Kinasafishwa, kinawekewa vizibo vya saruji kwenye vina vinavyohitajika, kinapimwa kama kinavuja, bomba linakatwa chini ya usawa wa shamba na kufungwa kifuniko. Baada ya hapo inakuja kazi ya pili, ambayo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko ya kwanza: kuondoa udongo uliochafuka, kurudisha rutuba, kung'oa barabara ya changarawe, kusubiri mimea, hadi mdhibiti atoe cheti kwamba ardhi imerudi katika uwezo wake. Kisima kimoja rahisi kinaweza kumalizwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Chenye uchafuzi kinaweza kula mara nyingi ya hizo.

Kilichoipa Alberta tatizo la kipekee ni kwamba sheria yake, kwa miongo yote hiyo, haikuweka tarehe. Kampuni ilitakiwa kufunga kisima, lakini siyo lini. Kisima kingeweza kuandikwa “kimelala” miaka 10, miaka 30, huku kampuni ikisema bei ikipanda tutakiamsha. Kwenye vitabu hilo lilikuwa tumaini. Shambani lilikuwa bomba linaloota kutu. Mafuta makubwa ya jimbo hilo yaligunduliwa Leduc, Februari 1947, na uwanja wa Redwater, kaskazini-mashariki ya Edmonton, ukafuata mwaka 1948. Tangu enzi hizo visima vimekuwa vikipita mkono kwa mkono. Kampuni kubwa huchimba na kukamua miaka ya neema. Uzalishaji ukipungua huuza kwa ya kati, ya kati huiuzia ndogo, na ndogo hununua matone ya mwisho pamoja na wajibu wote wa mazishi.

Mkulima naye? Wengi walio nje ya Kanada hudhani aliikaribisha kampuni kwa hiari yake. Alberta mwenye shamba kwa kawaida anamiliki udongo wa juu tu. Mafuta na gesi vya chini, sehemu kubwa ni vya serikali. Kampuni yenye leseni ikitaka kuingia na mkulima akikataa, kuna bodi inayoweza kuipa amri ya kuingia. Mkulima hulipwa kodi ya mwaka kwa kipande kilichochukuliwa. Kampuni ikifa, anaweza kuomba kodi hiyo kutoka hazina ya jimbo, kwa hiyo mlipakodi anamlipa mkulima kwa ajili ya kisima cha mtu ambaye hayupo tena. Halmashauri za vijijini zilipokusanya hesabu zao mwanzoni mwa mwaka 2019, zilikuta kampuni za mafuta na gesi zimeacha kodi za mali zisizolipwa za dola milioni 81 za Kanada. (Dola zote humu ni za Kanada.)

Hesabu iliyoficha kesi nzima

Redwater ilipewa leseni zake za kwanza mwaka 2009. Mwaka 2013 ilikopa kutoka ATB, benki ambayo, na hili lisikupite, inamilikiwa na serikali ya Alberta yenyewe. Benki iliweka dhamana juu ya kila kitu cha Redwater, kilichopo na kitakachopatikana. Ilijua visima vina wajibu wa kufungwa. Hakuna benki ya Alberta isiyojua. Katikati ya mwaka 2014 mambo yakaanza kuharibika, bei ya mafuta ikaporomoka mwishoni mwa mwaka huo, na Mei 2015, kwa ombi la benki, mahakama ikateua msimamizi wa mali. Deni la benki lilikuwa takribani dola milioni 5.1.

Sasa chukua kalamu. Kwa makadirio ya mdhibiti, visima na mitambo ambavyo wahasibu walivishika vilikuwa na thamani halisi, baada ya kutoa gharama za kuvifunga siku za usoni, ya dola milioni 4.152. Vile walivyovinawia mikono vilikuwa na thamani hasi ya dola milioni 4.705. Jumlisha: kampuni nzima, ikiwa boga na ua lake pamoja, ilikuwa na upungufu wa dola 553,000 tu.

Nusu milioni na ushei. Kwa tasnia ya mafuta hiyo ni hela ya chai. Tatizo kama hilo jimbo lingelimaliza bila gazeti hata moja kuandika. Lakini ukiruhusu boga litenganishwe na ua lake, benki inaondoka na milioni nne, na tatizo la nusu milioni linageuka kuwa tatizo la karibu milioni tano kwa umma. Hakuna kisima kipya kilichochimbwa wala tone lililomwagika katikati. Kilichobadilika ni karatasi moja iliyoandikwa Julai 3. Ndiyo sababu nasema kisa hiki kinahusu foleni ya malipo kuliko kinavyohusu mafuta.

Msomaji makini atauliza: mdhibiti alikuwa wapi? Hakuchukua mapema amana ya kufungia visima? Hapa Alberta ilijikwaa kwenye fomula yake. Kila kampuni ilipimwa kwa uwiano: thamani ya visima vyake vinavyozalisha ikigawanywa kwa gharama ya kuvifunga vyote. Uwiano ukishuka chini ya 1.0, toa amana. Wazo si baya. Ila thamani ile ilikokotolewa kwa wastani wa faida ya tasnia nzima kwa miaka mitatu. Bei ilipoanguka, fomula ilikuwa bado inaishi katika bei za jana. Uwiano wa Redwater haukushuka chini ya 1.0 mpaka kampuni ilipokuwa tayari mikononi mwa msimamizi, kwa hiyo haikuwahi kudaiwa amana hata senti. Ni sawa na kipimajoto kinachosoma homa baada ya tanga.

Wavu wa mwisho ulikuwa Chama cha Visima Yatima, asasi inayofunga visima visivyo na mwenyewe kwa fedha za tozo inayolipwa na kampuni zilizobaki hai. Kiliundwa kwa ajili ya ajali za hapa na pale. Mwaka wa 2013 hadi 2014 kilipokea visima yatima vipya 80. Mwaka uliofuata vilikuwa 591. Kuhusu visima vya Redwater, makadirio yaliyowekwa mbele ya mahakama yalikuwa kwamba chama kingevifikia baada ya miaka 10 hadi 12.

Ngazi tatu za mahakama

Mdhibiti alijibu barua kwa amri: Redwater, yaani mali zake zilizo mikononi mwa msimamizi, ifunge visima vile. Oktoba 2015 kampuni ikatangazwa rasmi kufilisika, Grant Thornton wakawa mufilisi, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyofilisika, wakashikilia msimamo wao kwa kifungu cha 14.06 cha sheria ya ufilisi ya Kanada, kinachozungumzia mufilisi anayeachana na mali iliyowekewa amri ya mazingira.

Kanada ni shirikisho. Maliasili ni mamlaka ya jimbo, ufilisi ni wa serikali kuu, na sheria za pande hizo mbili zikigongana, ya serikali kuu ndiyo inayosimama. Basi benki na mufilisi walihitaji kuonyesha mgongano tu. Walisema: sheria ya ufilisi imepanga foleni ya wadai, mwenye dhamana yuko mbele, jimbo likilazimisha visima vifungwe kwanza, limejipenyeza mbele ya foleni kwa mlango wa nyuma.

Mei 2016 Mahakama Kuu ya Alberta ilikubaliana nao. Mwezi uliofuata tu mdhibiti aliongeza masharti: anayetaka kununua leseni sharti uwiano wake baada ya ununuzi uwe 2.0. Ilikuwa hatua ya mtu anayekimbilia ndoo baada ya kusikia paa linavuja. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ilimwangusha tena mdhibiti, majaji wawili kwa mmoja. Huyo mmoja, Sheilah Martin, aliandika maoni ya kupinga ambayo hatimaye yalifanana sana na jibu la mwisho. Desemba mwaka huo aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na kesi ilipofika huko hakuketi kuisikiliza.

Mbele ya Mahakama ya Juu, Februari 2018, kulikuwa na picha ambayo haionekani kila siku. Greenpeace Kanada walikuja kumtetea mdhibiti, na chama cha wazalishaji wa mafuta wa Kanada kikawa upande huo huo. Anayeshangaa amesahau ile tozo. Kila kisima anachokitupa mufilisi, bili yake inawafikia wazalishaji waliobaki hai. Mwizi wa mtaani hukamatwa haraka anapoiba kwa wenye duka wenzake.

Majaji watano kwa wawili walimpa ushindi mdhibiti. Jaji Mkuu Richard Wagner, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alijenga hoja yake kwa nguzo mbili. Ya kwanza: kifungu cha 14.06 kinamlinda mufilisi asilipe kwa mfuko wake binafsi. Hakizifutii mali za marehemu wajibu wake. Unaweza kuachana na kisima bila kuuza nyumba yako, lakini fedha zilizomo kwenye mali za kampuni bado zina kazi ya kufanya. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Katika kesi ya kampuni ya karatasi ya AbitibiBowater, mwaka 2012, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeweka kipimo cha kujua lini amri ya mazingira ni deni la fedha linalopaswa kusimama foleni na madeni mengine. Lazima kuwe na mdai, wajibu uwe ulizaliwa kabla ya ufilisi, na iwe inawezekana kuuwekea bei kwa uhakika wa kutosha. Wagner alisema mdhibiti wa Alberta hapa si mdai. Hadai chake. Anasimamia wajibu ambao kila mwenye leseni anao kwa majirani na umma, na fedha zikitumika haziingii mfukoni mwake. Kufilisika, aliandika, si leseni ya kupuuza sheria.

Jaji Suzanne Côté, akiungwa mkono na jaji Michael Moldaver, alikataa, na maoni yake yanastahili kusomwa polepole. Kwake, mdhibiti na Chama cha Visima Yatima ni mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja. Jimbo haliwezi kukwepa kipimo cha mwaka 2012 kwa kumpa kazi ya usafi jirani yake halafu likadai halidai kitu. Na hapa nakiri kwamba hoja ya walio wengi inanikwaruza. Sehemu ya sababu yao ilikuwa kwamba hakuna uhakika wa kutosha kama chama kile kitavifunga visima, kwa kuwa kitachukua miaka 10 hadi 12. Yaani kadiri jimbo linavyochelewa kuzika, ndivyo hoja yake kwamba haidai inavyopata nguvu. Matokeo nayakubali, njia hiyo ya kuyafikia ina tope.

Msomaji wa pwani anao mpangilio mwingine wa kuielewa hukumu hii, na naona unaiangaza kuliko kipimo cha AbitibiBowater. Mtu akifa, mali yake haigawiwi ovyo. Kwanza hutolewa gharama za kumwosha, sanda na kaburi. Kisha madeni. Kisha wasia usiozidi theluthi. Kinachosalia ndicho cha warithi. Sanda haisimami kwenye foleni ya madeni kwa sababu si deni la mtu yeyote: ni haki ya maiti mwenyewe, na ni salama ya waliobaki, maana maiti asiyezikwa ni tatizo la mtaa mzima. Wagner, bila shaka akiwa hana habari za mirathi yetu, alikiweka kisima kwenye nafasi ya sanda.

Mwanachuoni wa Kishafii ataninyooshea kidole hapo hapo: haki iliyofungwa kwenye mali maalumu, kama kitu kilichowekwa rehani, hutangulia hata mazishi. Ni kweli. Na benki ilikuwa na dhamana. Ukitaka kumtetea jaji Côté, anzia hapo. Jibu langu ni kwamba kilichowekwa dhamana kilikuwa leseni pamoja na wajibu wake. Hakukuwa na siku hata moja ambapo Redwater ilimiliki kisima bila mazishi yake ili iweze kukiweka rehani peke yake. Benki ilipewa boga likiwa na ua.

Baada ya hukumu

Fedha za mauzo ya mali za Redwater zilikuwa zimehifadhiwa zikisubiri. Mahakama ya Juu ikaamuru zitumike kutimiza wajibu wa visima. Kwa Redwater, kesi ikaisha hapo.

Kwa Alberta haikuisha. Novemba 2018, miezi mitatu kabla ya hukumu, waandishi wa habari walikuwa wamechapisha wasilisho la ndani la mdhibiti lililokadiria kwamba gharama za usafi wa tasnia nzima, mabwawa ya taka za mchanga wa mafuta yakiwemo, zinaweza kufika dola bilioni 260. Takwimu iliyokuwa hadharani ilikuwa bilioni 58, na amana zilizoshikwa zilikuwa kama bilioni 1.6. Mdhibiti aliomba radhi na kusema makadirio yale yalikuwa ya hali mbaya kupita zote. Hata tukiichukua ile ndogo, amana haifiki senti tatu kwa kila dola. Hukumu inayosema mazishi yalipwe kwanza kutoka mali za marehemu ni hukumu nzuri sana pale marehemu anapokuwa na mali.

Trident Exploration hakuwa nazo. Tarehe 30 Aprili 2019, miezi mitatu baada ya hukumu, kampuni hiyo ilitangaza kwamba inafunga milango. Haikusubiri mufilisi. Iliwaachisha kazi watu wake na kuacha visima takribani 4,700, vyenye gharama za kufungwa ilizozikadiria kuwa dola milioni 329. Katika tangazo lake ililaumu pia hukumu ya Redwater: kama wakopeshaji hawatapata kitu hadi visima vyote vifungwe, hawana sababu ya kugharamia ufilisi wenye utaratibu. Ni lawama ya kujitetea, lakini ina kiini cha kweli. Mwenye foleni akijua hatafikiwa, haji hata kusimama.

Aprili 2020, katikati ya korona, serikali kuu ya Kanada ilitoa dola bilioni 1.72 za kufunga visima katika majimbo ya magharibi, hadi bilioni moja ya ruzuku ikielekezwa Alberta. Ilitangazwa kama mpango wa ajira, na watu wa mitambo walipata kazi kweli. Ila ile kanuni iliyotamkwa kwa madaha mahakamani mwaka mmoja nyuma, kwamba aliyechafua ndiye alipe, ilikuwa imelipwa na mwalimu wa Halifax na muuguzi wa Montréal, walipakodi wa upande wa pili wa nchi. Mwaka 2022 mdhibiti akaanza kuzipangia kampuni kiwango cha lazima cha kutumia kila mwaka kufunga visima vyao. Kwa maoni yangu hatua hiyo kavu ya kiutawala ina thamani kuliko kurasa zote za hukumu, kwa sababu inamdai mtu angali hai.

Huku kwetu swali hili bado ni la mapema, ndiyo maana ni zuri kuliuliza. Sheria ya petroli ya Uganda ya 2013, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2019 zote zinataka mpango na mfuko wa kufunga visima. Turkana, ambako kampuni ya Tullow ilitangaza mafuta ya kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, visima vya utafutaji vimekaa miaka bila uzalishaji wa kibiashara, na mwaka 2025 Tullow ilikubaliana kuuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy. Simshuku mnunuzi. Nauliza tu kile ambacho Alberta ilichelewa kuuliza: siku leseni inapobadilisha mkono, fedha za mazishi zimeshatengwa kwenye akaunti gani, na nani anaweza kuzigusa?

Na huko Alberta foleni bado inapangwa upya. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliamua kesi ya Manitok Energy, kampuni nyingine iliyofilisika. Safari hii waliokuwa wakishindana na visima hawakuwa benki. Walikuwa wakandarasi wa eneo hilo, waliofanya kazi na kuleta huduma kwenye mitambo ile ile na kuandikisha haki yao ya kulipwa dhidi ya mali iliyouzwa. Mahakama ilifuata Redwater hadi mwisho: wajibu wa visima kwanza, kisha wakandarasi kama kitabaki kitu.